Dawa za mzee zihesabiwe nyumbani kwake, sio dirishani

Watu wakisikia nafundisha famasia chuoni wanajua moja kwa moja nipo maabara na koti jeupe nachanganya vitu kwenye chupa, au wanajua nina duka la dawa mahali nalisimamia jioni. Utafiti wangu haupo huko. Mi natafiti jinsi wazee wanavyotumia dawa, wazee kwa maana ya sera yetu, yani miaka 60 kwenda juu. Dawa zikishatoka dirishani, zikaingia kwenye mkoba, zikapanda daladala mpaka nyumbani, ndo hapo kazi yangu inaanza. Wanafunzi wa mwaka wa nne wamekuwa wakiniuliza kama huku kuna maisha, kama mtu anaweza kujenga kazi ya kitaaluma kwenye hii mada au anajizika mwenyewe, na nimekuwa nikiwajibu vipande vipande koridoni, leo wacha niandike yote kwa pamoja.

Kwanza tuelewane famasia ya kwetu imetokea wapi. Tangu shahada ianze pale Muhimbili miaka ya 1970 hangaiko kubwa la nchi lilikuwa dawa zifike. Zifike, ziwe nzima, zisiwe feki, zisiishe katikati ya mwezi. Ndo maana tuna Bohari ya Dawa, tuna TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, ambayo kabla ya 2019 ilikuwa TFDA, tuna Baraza la Famasi, na ukisoma famasia unafundishwa sana upande wa dawa yenyewe, kemia yake, kidonge kinavyotengenezwa, kinavyotunzwa, kinavyoagizwa, afu mtu anayekimeza anakuja mwishoni mwishoni. Mwaka 1990 maprofesa wawili wa Marekani, Hepler na Strand, waliandika makala wakisema mfamasia awajibike kwa kile dawa inachomfanyia mgonjwa, asiishie kuikabidhi tu. Niliisoma nikiwa mastazi na ilinigusa sana kwa sababu ilisema kitu nilichokuwa nakihisi tangu intanishipu: unampa bibi dawa tano, unamsomea harakaharaka maana foleni inasukuma, anasema haya mwanangu asante, anaondoka, na wewe hujui kabisa kinachofuata.

Nikasema hicho kinachofuata ndo nitakisoma. Haikuwa rahisi. Pesa za utafiti nchi zetu kwa miaka mingi zimefuata ukimwi, TB na malaria, na sina ugomvi na hilo kwa sababu watu walikuwa wanakufa na zile pesa ziliokoa maisha, ila ukienda na proposo ya wazee na dawa za presha unaulizwa kwani wazee ni wangapi, nchi hii ni ya vijana. Ni kweli ni ya vijana. Lakini asilimia ndogo ya nchi ya watu zaidi ya milioni 60 ni mamilioni ya watu, na hao ndo wenye presha, sukari, magoti, macho, tezi dume, moyo, vyote ndani ya mwili mmoja, na ndo wanaomeza vidonge vingi kuliko mtu yeyote mwingine kwenye nyumba.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe ninachotaka kusema. Sisi tuliofundishwa utafiti wa matumizi ya dawa Afrika tumelelewa na viashiria vya Shirika la Afya Duniani na INRUD, mtandao wa kimataifa wa matumizi sahihi ya dawa, vilivyotoka 1993. Kila aliyefanya diseteshen ya matumizi ya dawa anavijua: unachukua vituo angalau 20, kila kituo wagonjwa 30, unahesabu wastani wa dawa kwa kila mgonjwa, asilimia ngapi zimeandikwa kwa jina lake la asili la kitaalamu, ngapi wamepewa antibiotiki, ngapi wamechomwa sindano. Ni kazi nzuri. Iliwapa wizara za afya kitu cha kushika, na hadi leo ukitaka kujua kama kituo kinamwaga antibiotiki ovyo utavitumia hivyohivyo. Ila angalia vinahesabu nini: vinahesabu cheti kimoja, siku moja, kituo kimoja. Mzee wangu mimi hana cheti kimoja. Ana cha kliniki ya presha, ana cha macho, ana kile cha hospitali ya mkoa aliyopelekwa na mtoto wake mwingine alipokuwa kule likizo, na ana alichonunua mwenyewe dukani bila cheti chochote. Kila cheti ukikiangalia peke yake kina dawa mbili tatu, kimenyooka, kiashiria kinakipasisha. Ukienda nyumbani ukaviweka pamoja ndo unashtuka.

Kwa hiyo tukaanza kwenda nyumbani. Utaratibu ni mrefu kidogo na ni haki uwe mrefu, unapata kibali cha maadili chuoni na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, barua ya wilaya, unaripoti kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, na mjumbe anakupeleka mlango kwa mlango. Unaingia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu karibu, unakaa. Hapo mtu mwenye haraka ameshapotea. Huwezi kumwambia mzee nionyeshe dawa zako dakika ya pili, utaletewa zile za kliniki tu, zile anazojua unataka kuziona. Unakaa mnaongea habari za mguu, za mjukuu anayesoma, za bei ya mchele, unakunywa chai, afu unaomba kwa heshima, naomba unisaidie mama yangu, kila kitu unachotumia kwa ajili ya afya, hata kama hakikuandikwa na daktari, hata kama ni ya kupaka, hata kama umeacha kuitumia. Ndo zinaanza kutoka. Kopo la maziwa ya unga linakuja, linafuatiwa na mfuko uliokuwa umening'inizwa msumarini, halafu mjukuu anatumwa chini ya mto.

Na humo ndani kuna dunia nzima. Utakuta amlodipini, dawa ya presha, ya kampuni mbili, boksi mbili za rangi tofauti, jina la kiwandani tofauti, dawa ni ileile, moja ya Dar moja ya Moshi, bibi anameza zote mbili kwa uaminifu kabisa kwa sababu aliambiwa na madaktari wawili asiache. Utakuta dawa za marehemu mumewe zimebaki na hataki kuzitupa. Utakuta vidonge vimetolewa kwenye pakiti vikawekwa kwenye bahasha ndogo imeandikwa 1x2 kwa kalamu, hakuna jina la dawa, hakuna tarehe, na mwenye dawa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Utakuta vitamini na mafuta ya samaki kutoka kwa binti aliyeko Muscat, majani ya mlonge yamekaushwa vizuri, chupa ya muarubaini, dawa ya kusugua. Na karibu kila nyumba kuna diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Karibu kila nyumba, sitoi asilimia hapa, nasema nilichozoea kukiona, maana magoti yanauma na duka lipo hapo nje.

Mtu atasema si vidonge tu, tatizo liko wapi. Tatizo ni kwamba mwili wa mzee unaipokea dawa tofauti na wa kijana, na dozi nyingi tunazozitumia zilitoka kwa watu wa umri mwingine. Chukua figo. Zinapungua nguvu polepole tangu miaka ya arobaini hivi, na mwaka 1976 Cockcroft na Gault walitupa hesabu ya kukadiria figo zinachuja kiasi gani, ambayo mpaka leo kila mfamasia anaijua kichwani, unatoa umri kwenye 140, unazidisha na uzito, unagawanya kwa 72 mara kreatinini, yani ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, na kama ni mwanamke unazidisha na 0.85. Angalia hiyo hesabu vizuri, umri na uzito vimo ndani. Bibi wa miaka 82 mwenye kilo 43 anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana nzuri kabisa kwenye karatasi ya maabara kwa sababu misuli yake imepungua, na figo zake zikawa zimebaki na uwezo mdogo sana. Kama hakupimwa uzito siku hiyo, na mara nyingi hapimwi, hakuna anayejua.

Au chukua diazepamu, dawa ya usingizi ile watu wanayoiita valiamu. Inapenda mafuta, na mwili ukizeeka sehemu ya mafuta inaongezeka maji yanapungua, kwa hiyo dawa inajificha humo. Kwa kijana wa miaka 20 inachukua kama saa 20 kupungua nusu, kwa mzee wa 80 inakaribia saa 90. Yani anakunywa leo alale, kesho ipo, keshokutwa ipo, anaongeza nyingine juu yake, anaamka usiku kwenda chooni anaanguka, nyonga inavunjika, na familia inasema mzee aliteleza.

Piritoni, ile ya mafua na mzio, nayo nataka niitaje kwa sababu watu wanaiona kama pipi. Mzee mwenye tezi dume ana mafua, anapewa piritoni dukani, usiku mkojo unaziba kabisa, asubuhi yuko hospitali anawekewa mpira. Ile dawa inazuia ishara zilezile ambazo kibofu kinazihitaji ili kikaze, na pia inavuruga kumbukumbu na kufunga choo. Hakuna aliyefanya uhuni hapo, muuzaji alitibu mafua, hakuulizwa na hakuuliza kuhusu mkojo.

Na kuna huu mnyororo ambao nikifundisha darasani huwa nauchora ubao mzima. Mama ana presha, anapewa amlodipini, miguu inavimba, na kuvimba miguu ni tabia inayojulikana ya amlodipini. Anaenda kituo kingine, wanaona miguu imevimba, wanampa dawa ya kukojoa. Dawa ya kukojoa inapandisha asidi ya yuriki, kidole gumba cha mguu kinawaka moto, gauti, anapewa diklofenaki. Diklofenaki inashikilia chumvi na maji, presha inapanda, anaongezewa dozi ya amlodipini. Mmeona tulipotoka na tulipofika? Watafiti wawili, Rochon na Gurwitz, waliueleza mtindo huu kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1997, dalili iliyoletwa na dawa inachukuliwa kuwa ugonjwa mpya, inaandikiwa dawa mpya. Na ukiweka kaptopurili ya presha, dawa ya kukojoa na diklofenaki kwa mtu mmoja mwenye figo za miaka 80, akaharisha siku mbili au akapigwa na joto la Februari bila kunywa maji, figo zinaweza kusimama. Zote tatu zinapatikana mtaani kwako leo.

Wenzetu nje walishaanza kuandika orodha za tahadhari zamani. Daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa ya kwanza 1991, ilikuwa ya wazee wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee, ikapanuka, siku hizi inasimamiwa na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, kilichotoa toleo jipya 2023. Ireland kule Cork wakatoa yao 2008, inaitwa STOPP/START, nayo mi naipenda zaidi, nitaeleza kwa nini, toleo lake la tatu la 2023 lina vigezo 190. Nimezitumia zote mbili. Ila ukizileta Temeke au Hai kama zilivyo zinakwama. Dawa nyingi zilizomo hazipo madukani kwetu, na nyingi zilizopo kwetu zinatumika kwa namna ambayo wao hawakuifikiria, kama prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, inayouzwa kidonge kidonge kwa ajili ya mgongo, au mtu kugawana metformini ya sukari na jirani. Vigezo vingine vinataka umpime mtu vitu ambavyo zahanati haina.

Ninachokipendea STOPP/START ni kwamba ina upande wa pili. STOPP ni dawa za kusimamisha, START ni dawa ambazo mzee angetakiwa awe nazo na hana. Kwetu huo upande wa pili ni mzito sana. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa 2013, ulikuta karibu asilimia 70 ya watu wa miaka 70 kwenda juu wana presha. Vijijini, sio mjini kwa wala chipsi. Wilaya hiyohiyo watafiti waliotembea nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa wa Parkinson walikuta wengi wa waliokuwa nao hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa huo, sembuse kupata dawa. Kwa hiyo mtu akisoma majarida ya Ulaya akaja na wimbo mmoja tu wa wazee wanameza dawa nyingi mno, ameona nusu. Hapa kwetu unaweza kukuta kwenye mkoba mmoja vidonge tisa ambavyo vitano havifai, na kidonge cha presha kilichotakiwa kumzuia asipate kiharusi hakimo.

Hakimo kwa nini? Kuna waliomaliza dozi ya mwezi wakaona presha imekaa sawa wakaamini wamepona, na wala sio ujinga, kila dawa nyingine waliyowahi kunywa maishani ilikuwa na mwisho, ya malaria ina mwisho, ya homa ina mwisho. Wengine wananunua za siku tatu tatu kulingana na hela. Wengine nauli ya kwenda kliniki ni kubwa kuliko dawa yenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imesema mzee asiyejiweza atibiwe bure, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee, nalipongeza, limepunguza foleni na limerudisha heshima. Lakini mara nyingi mno nimekaa na mzee aliyefika dirisha la wazee akaandikiwa vizuri, akaambiwa hii ipo hii hakuna kanunue, na ile aliyoambiwa akanunue ndo ya kila siku. Zanzibar wao walianza kuwapa wazee wa miaka 70 kwenda juu pensheni jamii mwaka 2016, na natamani sana tuangalie kwa makini ile hela inaenda wapi kwenye upande wa dawa. Sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023, itategemea sana kitita kinabeba nini na dawa inapatikana au haipatikani siku mzee amefika.

Ramadhani ni mada yenyewe. Pwani yetu hii wazee wengi wanafunga hata wakiambiwa wana ruhusa, na wanapanga dawa wenyewe, ya asubuhi inahamia daku, ya mchana inaachwa, ya usiku inakunywewa futari. Kwa dawa nyingi za presha hakuna shida. Kwa glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, shida ipo kubwa kwa sababu inashusha sukari kwa muda mrefu hata kama mtu hajala, na ndo maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipoweka gliklazaidi, kidonge kingine cha kisukari, kwenye orodha yake ya dawa muhimu lilisema glibenklamaidi haiwafai wenye zaidi ya miaka 60. Miaka mingi imepita na bado naikuta kwenye makopo. Marekani utafiti uliotoka 2011 ulionyesha theluthi mbili ya wazee wanaolazwa kwa dharura kwa madhara ya dawa inatokana na makundi manne tu, warfarini ya kuzuia damu kuganda, insulini, vidonge vya sukari na dawa za kuzuia chembe za damu zisishikane kama aspirini. Dawa za kawaida hizi, za kila siku, zinazookoa watu. Zinataka tu mtu wa kuzifuatilia.

Swali linalofuata ni nani awe huyo mtu. Kanada, Quebec, walifanya jaribio likatoka 2014, wakawaandikia wazee wanaotumia dawa za usingizi kijitabu kinachoeleza madhara na jinsi ya kupunguza kidogo kidogo, wakakipitisha kwenye maduka ya dawa, na baada ya miezi sita asilimia 27 walikuwa wameacha ukilinganisha na 5 ya wasiopewa. Kijitabu tu. Mi nimelifikiria sana hilo jaribio. Kwetu sidhani kijitabu kitafika mbali chenyewe, kwa sababu mzee hakai peke yake na hajitibu peke yake. Uamuzi wa dawa uko kwa binti anayelipa, kwa mkwe anayepika, kwa mjukuu anayesoma bahasha, na kwa yule dada wa duka la dawa muhimu hapo njiani. Haya maduka yalianza Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, wauzaji wake wakapewa mafunzo, na leo yako kila kona ya nchi. Yule dada anamjua mzee kwa jina, anajua magoti yake, anajua mwezi huu hana hela. Hakuna daktari wala mfamasia mwenye hiyo taarifa. Kama kuna sehemu moja ningeweka nguvu zote za taaluma yetu kwa wazee ni pale kaunta, mtoa dawa awe na daftari la mzee, aulize maswali mawili matatu kabla ya kuuza diklofenaki, na awe na mfamasia wa kumpigia simu.

Na daktari? Wanafunzi wanaogopa sana hili, utamwambiaje daktari dawa aliyoandika haimfai mzee. Mi nawaambia nendeni na orodha, sio na lawama. Ukimpelekea karatasi moja ina dawa zote kumi na moja alizokutwa nazo mama nyumbani, nani aliandika nini, na uzito wake na hesabu ya figo pembeni, daktari mwenyewe anachukua kalamu anaanza kukata. Madaktari niliofanya nao kazi hawakuwahi kukasirika kwa kuonyeshwa orodha. Hakuna aliyekuwa amewahi kuiona yote kwa pamoja, basi.

Upande wa maisha ya chuo sasa, maana ndo mliniuliza. Hii kazi ni ya polepole. Mwenzako anayesoma vyeti elfu moja kutoka kwenye mafaili atatoa pepa mbili wakati wewe bado unatafuta nyumba za wazee na nusu wamehamia kwa watoto wao mkoani. Promosheni inahesabu machapisho, haihesabu chai ulizokunywa barazani. Majarida mengi mazuri yanataka ada kwa dola ambayo ni mishahara kadhaa, kwa hiyo jifunzeni mapema kuomba msamaha wa ada, yapo yanayotoa kwa nchi zetu ukiomba wakati wa kutuma. Takwimu zijueni vizuri, lakini jifunzeni na kuhoji watu na kuandika walichosema kama walivyosema, kwa sababu sababu ya mzee kuacha kidonge haipo kwenye jedwali. Na rudisheni majibu mtaani. Inaniuma kuona utafiti umefanyika mtaa fulani, umesomwa Geneva na Sydney, na mwenyekiti wa mtaa ule hajui kilichopatikana. Kaeni na wazee mle mlikotoka, waelezeni, watawasahihisha pia, wao wana majibu ambayo dodoso halikuwa na nafasi yake.

Kuna kitu kingine hakisemwi. Utawapenda hawa watu, na wanakufa. Utarudi awamu ya pili ukute tanga. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kuacha kabisa baada ya hilo, tukakaa tukaongea, nikamwambia kaa na familia, kula nao, dodoso litasubiri. Vyuo vyetu vingekuwa na mtu wa kuongea na watafiti wachanga wanaorudi na mizigo hii ingekuwa vizuri sana.

Ninachokianza sasa hivi na wenzangu wawili wa uuguzi ni wazee wanaoruhusiwa kutoka wodini. Wakiwa wamelazwa dawa zao zinabadilishwa sana, zingine zinasimamishwa, mpya zinaingia, afu anaruhusiwa na karatasi ya kuruhusiwa yenye mwandiko wa haraka, anafika nyumbani ambako kopo la zamani linamsubiri limejaa. Hakuna aliyemwambia zile za zamani azifanyeje. Tunataka tuwafuate nyumbani ndani ya siku chache za kwanza, tuweke kopo na karatasi mezani pamoja, na anayempa dawa awepo hapohapo, binti au mjukuu, tuulize moja baada ya nyingine hii inaendelea au imesimamishwa. Vibali vinashughulikiwa. Wanafunzi wawili wa mastazi wanahitajika, wanaojua kukaa na wazee, na kama mmoja ametokea kata ambazo tutafanyia kazi itasaidia zaidi, njooni ofisini tuongee.